TAHADHARI: Kuna anayeuza midoli ya G.I. Joe iliyochakachuliwa kama "orijino"

Ndugu wakusanyaji, hasa mlioko Marekani na mnaoagiza kutoka huko, kaeni chonjo. Kuna muuzaji anazunguka kwenye makundi ya mtandaoni na midoli ya wanajeshi ya G.I. Joe ya miaka ya 1980, ile midogo ya inchi 3¾, akidai ni orijino na haijawahi kufunguliwa. Nimepigwa mimi, na wenzangu walionitumia picha za mizigo yao wamepigwa vilevile. Anabadilisha akaunti kila mara, kwa hiyo mtambueni kwa kazi ya mikono yake.

Nilichotumiwa ni Storm Shadow wa 1984, yule ninja mweupe. Plastiki ile huingia umanjano kwa umri, lakini huyu kifua kilikuwa cheupe pe, huku kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti umanjano umebaki palepale. Hiyo ni dawa ya haidrojeni peroksaidi na mwanga mkali, na mara nyingi umanjano hurudi. Alama nyekundu ya mkononi imechorwa upya kwa brashi. Ukiitazama kwa lenzi, rangi imevimba kingoni. Upinde na panga ni nakala mpya.

Nikafungua skrubu ya mgongoni. Ndani kuna mpira mpya, mweusi, laini, ile pete inayoshikanisha kiwiliwili na miguu. Hilo peke yake si kosa, hata mimi hubadilisha, maana mpira wa zamani hukauka ukakatika na mdoli ukaachana kiunoni. Ila basi usiseme haijafunguliwa! Kibaya zaidi ni kiuno: kile kipande chembamba katikati ya miguu kilishavunjika, kikaungwa kwa supaglu na kupakwa rangi juu. Mpira unavuta hapo muda wote. Kunja miguu kidogo tu, kinaachia.

Mimi napenda sana kazi hii ya kutengeneza na kupaka rangi upya, na mdoli uliotengenezwa vizuri una thamani yake. Mtu aseme tu ametengeneza nini, auze kwa bei ya kilichotengenezwa. Huyu anachukua bei ya mdoli kamili kwa mabaki aliyounganisha.

Anauza pia midoli anayoiita "toleo la kwanza la 1982". Muombeni video akizungusha mkono juu ya kiwiko. Ya 1982 mkono wake hukunjika kiwikoni lakini hauzunguki hapo. Mikono inayozunguka ilianza 1983. Ukizunguka, basi ni toleo la baadaye au ameazima mikono ya mdoli mwingine. Tarehe iliyochapwa kwenye plastiki isiwatulize, kwa sababu haisemi lolote kuhusu viungo vilivyopachikwa.

Kabla ya kulipa, dai picha za karibu za vidole gumba, katikati ya miguu na kichwa cha skrubu ya mgongoni. Wenzangu walipoomba, aliwajibu kwamba kuna mteja mwingine anasubiri, walipe haraka. Tena anasisitiza utume pesa PayPal kwa njia ya marafiki na familia. Njia hiyo haina ulinzi wa mnunuzi, ukitapeliwa imekula kwako. Mliolipa kwa njia ya kununua bidhaa, au kwa kadi, fungueni malalamiko sasa hivi, mpige picha kila kiungo kabla hamjagusa skrubu, na msimrudishie mzigo bila namba ya kuufuatilia.