Kibao cha barabara ya marehemu koplo: tathmini ya karakana ya vibao Majengo, Dodoma

Karakana ya vibao na mawe ya makaburi iliyoko nyuma ya soko la Majengo jijini Dodoma ilitutengenezea kibao cha jina la barabara, na kwa kuwa kazi ya namna hii haifanyiki mara nyingi hapa kwetu, naona ni vyema nieleze kwa kirefu jinsi walivyoifanya. Kwa maoni yangu, mafundi hawa wanastahili kukabidhiwa kibao cha kumbukumbu, kwa sababu wanaelewa kwamba kibao kinachosimama kando ya barabara sharti kwanza kisomeke, na kwamba heshima ya marehemu inaanzia hapo. Wana upungufu pia, na mmoja ulinikera kwelikweli.

Barabara yenyewe ni ya vumbi, inachepuka kutoka barabara kuu ya Dodoma–Singida upande wa Nala na kuingia mtaani. Wakazi waliridhia katika mkutano wa mtaa kwamba ipewe jina la koplo wa Jeshi la Polisi aliyekulia hapo na akauawa akiwa kazini, na pendekezo likapelekwa halmashauri. Wapo waliotaka kipande cha barabara kuu ndicho kibebe jina hilo, nami nilikuwa miongoni mwao. Jimbo la Ontario nchini Canada lilitunga sheria mwaka 2002 inayoruhusu madaraja na miundo mingine ya barabara kuu kupewa majina ya askari polisi waliofia kazini. Na katika jimbo la California nchini Marekani bunge hupitisha azimio la kukipa jina kipande cha barabara, kisha gharama za vibao hulipwa kwa michango isiyotoka katika fedha za jimbo. Natamani jambo kama hilo lifanyike hapa kwetu. Askari polisi 8 waliouawa Kibiti, mkoani Pwani, tarehe 13 Aprili 2017 walikuwa ndani ya gari, barabarani, wakitoka kubadilishana lindo, na sioni mahali panapofaa zaidi kuyasoma majina yao kuliko katika njia waliyokuwa wakiilinda. Hata hivyo barabara kuu ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa serikali, na wakazi wa mtaa mmoja hawana mamlaka ya kuzipa majina, kwa hiyo tulianza na njia iliyo mikononi mwetu.

Tulipofika karakanani na mchoro wetu, fundi mkuu hakukimbilia kutaja bei. Alitusalimu, akautazama mchoro kwa utulivu, kisha akamgeukia mzee tuliyefuatana naye na kumuuliza, "Mzee wangu, atakayesoma hapa ni mtu anayetembea kwa miguu au ni dereva wa basi la Singida?" Mchoro wetu ulikuwa na jina, cheo, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kifo, sentensi mbili za shukrani na orodha ya waliochangia. Akatueleza kwamba gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo unaoruhusiwa kwenye makazi, hupita karibu mita 14 kila sekunde, na kwamba herufi yenye urefu wa sentimita 15 husomeka vizuri kutoka umbali wa mita 60 hivi. Dereva basi anabaki na sekunde nne tu, na katika sekunde nne hakuna anayesoma orodha ya wachangiaji. Alitushauri kibao cha barabarani kiwe na cheo na jina pekee, na maelezo mengine yote yawekwe kwenye jiwe la itale (graniti) litakalosimama ndani zaidi, mahali ambapo mtu anaweza kusimama na kusoma bila kuhatarisha maisha yake. Ushauri huo ulimpunguzia mapato ya siku ile, maana jiwe hatukuwa na fedha ya kuliagiza kwa wakati huo, na bado aliutoa. Hapo ndipo nilipoanza kumwamini.

Ni yeye pia aliyetukumbusha suala la hifadhi ya barabara, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara, ambayo kwa barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na kwamba nguzo yoyote inayosimikwa ndani ya eneo hilo bila kibali inaweza kung'olewa. Hakukubali kukata bati mpaka tulipomwonyesha kwa mchoro kwamba kibao kingesimama nje ya hifadhi.

Kuhusu vifaa, tulipewa nafasi ya kuchagua kati ya bati la chuma na bati la alumini. La alumini lilikuwa karibu mara mbili ya bei, nasi tukalichukua, kwanza kwa sababu halishiki kutu, na pili kwa sababu fundi alikubali kulifunga kwa riveti badala ya bolti, ili lisifunguliwe kirahisi na wanaotafuta vyuma chakavu. Nguzo ni bomba la galvanaizi lililochomelewa vipande viwili vya nondo upande wa chini, vinavyozama ndani ya zege na kuizuia nguzo isizungushwe. Maandishi yamekatwa kwa mashine kutoka katika stika inayoakisi mwanga, meupe juu ya rangi ya buluu iliyokoza. Nimekitazama kibao usiku kwa taa za gari na jina linasomeka bila kukodoa macho. Jua la Dodoma ni kali na upepo wa miezi ya kiangazi hubeba mchanga unaokwangua rangi, hivyo ubora wa stika ni jambo la msingi kwa mtu yeyote atakayeagiza kibao hapa. Ulizia kiwango cha ubora wa stika, na uombe uonyeshwe roli lenyewe kabla haijakatwa.

Jambo lililonigusa zaidi ni uangalifu wao katika kuandika jina. Majina yetu ya Kigogo yana herufi ambazo watu wa ofisini huzidondosha mara kwa mara, na yeyote aliyewahi kuandika jina la kata ya Nghong'onha kwa haraka anajua ninachosema. Fundi alimwomba mama mzazi wa marehemu aandike jina la mwanawe kwa mkono wake mwenyewe, akachapa nakala ya karatasi yenye ukubwa kamili wa kibao, akaitandaza sakafuni, na mama akaipitia herufi moja baada ya nyingine kabla ya kutia sahihi. Cheo nacho kilithibitishwa kwa barua kutoka kwa wenzake wa kikosini. Kibao chenye jina lililokosewa ni bora kisiwepo kabisa.

Sasa nieleze kilichonikera. Tulipokwenda kuchukua kazi, tulikuta kwenye kona ya chini kulia namba ya simu ya karakana, imeandikwa kwa herufi ndogo lakini zinazoonekana. Najua hiyo ni desturi ya wachora vibao, na kwenye kibao cha duka la dawa au saluni sina neno. Lakini jina la askari aliyepoteza maisha akilinda raia halifai kupangwa pamoja na tangazo la biashara, na mtu mwenye busara kama yule fundi alipaswa kuliona hilo bila kuambiwa. Kwa haki yake niseme kwamba aliomba radhi na kuiondoa papo hapo bila malipo, ingawa palibaki alama hafifu ambayo mtu akikaribia ataiona.

Upungufu mwingine ni mdogo. Nguzo ilikuja ikiwa wazi juu, na maji ya mvua yangeingia ndani. Tulilazimika kuomba iwekewe kifuniko. Karakana haitoi dhamana ya maandishi, ila ahadi ya mdomo, na hilo ni kosa katika kazi inayolipiwa kwa michango ya watu wengi, ambao wana haki ya kuona karatasi. Risiti tulipewa bila kuombaomba, na kazi ilikamilika ndani ya muda tuliokubaliana.

Kwa atakayekwenda huko, achukue muhtasari wa mkutano wa mtaa, jina lililoandikwa na familia, mchoro wa eneo unaoonyesha umbali kutoka katikati ya barabara, na aseme mapema kwamba hataki namba ya simu kwenye kibao. Nusu ya bei hulipwa mwanzoni. Sisi tumekwisha kuagiza jiwe la itale, na tunatarajia lisimikwe kabla ya tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa. Uimara wa stika na nguzo nitauandikia tena mvua za Desemba hadi Aprili zitakapokuwa zimepita.