Kufuatilia kipato cha kaya katika kaunti ndogo ya Kentucky: mapitio ya makadirio ya SAIPE yanayotolewa kupitia FRED

Kaunti ya Owsley, iliyoko katika milima ya mashariki mwa Kentucky nchini Marekani, ilikuwa na watu 4,755 katika sensa ya mwaka 2010 na watu 4,051 katika sensa ya mwaka 2020. Msomaji wa Kenya, ambaye neno kaunti humkumbusha eneo lenye mamia ya maelfu ya wakazi, atambue kwamba hapa tunazungumzia mahali penye watu wachache kuliko wadi nyingi za kwao. Nimeichagua kwa makusudi, kwa kuwa ubora wa huduma ya takwimu hujulikana pale ambapo kupima ni kugumu.

Huduma ninayoipitia ni mpango wa Ofisi ya Sensa ya Marekani uitwao SAIPE, ambao hukadiria kila mwaka kiwango cha umaskini na kipato cha kati cha kaya katika kila kaunti. Kipato cha kati si wastani: ni kile kiasi ambacho nusu ya kaya hupata chini yake na nusu nyingine juu yake, hivyo matajiri wawili watatu hawawezi kukipandisha. Makadirio hayo hupatikana bila malipo katika hazina ya takwimu ya FRED, inayoendeshwa na Benki ya Hifadhi ya Shirikisho ya St. Louis, ambako mtumiaji hutafuta jina la kaunti, huona mchoro mara moja, na hupakua namba zote kwa ajili ya Excel.

Thamani ya SAIPE huonekana inapolinganishwa na chanzo kingine kinachotumiwa sana, yaani ACS, uchunguzi wa kaya wa Ofisi hiyohiyo ya Sensa. Uchunguzi huo hutoa takwimu zake za kawaida za mwaka mmoja kwa maeneo yenye watu 65,000 au zaidi tu, na kwa Owsley majibu ya miaka mitano huunganishwa ili sampuli itoshe. Matokeo yake ni kwamba takwimu ya 2014–2018 na ile ya 2015–2019 zina miaka minne ya pamoja, na anayezilinganisha ili kujua mabadiliko ya mwaka mmoja analinganisha kitu na sehemu kubwa ya kitu kilekile. Vipindi visivyoingiliana, kama 2005–2009, 2010–2014 na 2015–2019, ndivyo vinavyolinganishwa kwa haki, lakini navyo huacha nukta tatu tu katika miaka 15. SAIPE hutatua tatizo hili kwa modeli inayounganisha majibu ya uchunguzi na kumbukumbu za kodi ya mapato pamoja na takwimu nyingine za kiutawala. Kwa njia hiyo kaunti ndogo hupata kadirio la kila mwaka tangu 1997, na kabla ya hapo makadirio ya 1989, 1993 na 1995. Kwa kazi ya kuonyesha mwelekeo wa miongo miwili au zaidi, sijaona chanzo kinachoifikia.

Hata hivyo, mstari mmoja mwembamba kwenye mchoro huonekana kuwa na uhakika kuliko ulivyo. Ofisi ya Sensa hutoa kwa kila kadirio mpaka wa chini na wa juu kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 90, yaani masafa ambamo thamani halisi inatarajiwa kuwamo, na mipaka hiyo imo ndani ya FRED, ila imewekwa kama mifululizo mingine miwili ambayo mtumiaji hana budi kuiongeza mwenyewe. Ningependa sana ionekane tangu mwanzo, kwa maana katika kaunti ndogo kupanda kwa mwaka mmoja kunaweza kuwa ndani ya mipaka hiyo kabisa, na mwandishi wa habari au diwani asiyejua atatangaza maendeleo ambayo takwimu hazijayathibitisha.

Namba hizo pia ni za dola za mwaka husika, bila kuondoa mfumuko wa bei. Kwa fahirisi ya bei za walaji ya Marekani, dola 20,000 za mwaka 1997 zililingana na takriban dola 36,500 za mwaka 2022, kwa hiyo sehemu kubwa ya mteremko wa kupanda unaoonekana kwenye mchoro inaweza kuwa bei tu. FRED humwezesha mtumiaji kuongeza fahirisi hiyo na kugawanya mfululizo mmoja kwa mwingine papo hapo, nami naiona kuwa nyenzo bora kuliko zote katika tovuti hiyo.

Jambo moja la kimbinu lisipitwe: tangu makadirio ya mwaka 2005 modeli inategemea ACS, ambapo awali ilitegemea uchunguzi mwingine, uitwao CPS. Mruko wowote kati ya 2004 na 2005 usisomwe kama habari za wakazi kabla ya kuzingatia badiliko hilo. Vilevile, kipato kinachopimwa ni cha fedha taslimu, na msaada wa chakula wa serikali hauhesabiwi ndani yake, jambo lenye uzito mahali ambapo kaya nyingi huutegemea.

Anayetaka kuunganisha Owsley na kaunti jirani asijumlishe vipato viwili vya kati na kugawanya kwa mbili, kwani kipato cha kati cha eneo lililounganishwa hakipatikani hivyo. Atahitaji mgawanyo wa kaya kwa madaraja ya kipato, ambao SAIPE haitoi, na hapo itambidi arudi kwenye majedwali ya miaka mitano ya ACS.