TAHADHARI: Anauza safari za kuzamia "ukutani" na mpango hana

Ndugu wazamiaji, hasa ninyi mnaojiandaa kushuka kwenye ukuta wa matumbawe (mwamba unaokatika wima kwenda kilindini) kwa mara ya kwanza: kuna mtu anauza safari mtandaoni ambaye tayari amenila kianzio. Hela si kubwa, ningeimeza nikanyamaza. Ila nimeona tangazo lake limerudi kwa jina jingine na picha zilezile, na safari hii kuna watu wanamwuliza nafasi.

Tangazo lilisema hivi: ukuta unaozama hadi usikoona mwisho, saa nzima kwenye mita 30, wageni wa ngazi zote karibuni. Nikamwuliza nimtumie kadi yangu ya uzamiaji, inayoonyesha nimefuzu ngazi gani, aikague? Akajibu, "Dada, wewe njoo na taulo tu." Zimebaki nafasi mbili, kuna mtu mwingine anaulizia, nilipe cha kushikia nafasi kabla ya saa sita mchana. Nikalipa. Nikiyasoma mazungumzo yale leo naona aibu.

Maana ile "saa nzima" peke yake ilitosha kunizindua. Kwenye mita 30 shinikizo ni mara nne ya lile la juu ya maji, kwa hiyo kila pumzi inakula hewa mara nne. Anayetumia lita 20 kwa dakika akiwa juu, kule chini anatumia 80. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200 (baa ni kipimo cha shinikizo) una lita 2,400; weka kando baa 50 za akiba, zinabaki lita 1,800, yaani dakika 22 na kitu, na bado hujahesabu hewa ya kushuka na ya kupanda. Hata ungekuwa na mapafu ya nyangumi, jedwali la PADI, taasisi inayofundisha uzamiaji na kutoa kadi, linakupa dakika 20 kwenye kina hicho. Ukizidisha, huwezi tena kupanda moja kwa moja bila kusimama njiani kusubiri naitrojeni ya hewa uliyovuta itoke mwilini. Aliyeandika saa nzima ama hajui kuzamia, ama anajua kwamba wewe hujui.

Kisha "ngazi zote". Kadi ya kwanza kabisa inakufikisha mita 18. Si kwamba mwenye kadi hiyo akae nyumbani: ukutani rangi nyingi na samaki wengi wako huko huko juu penye mwanga, na mimi binafsi napapenda kuliko chini. Shida ni kwamba ukuta hauna sakafu. Kwenye mwamba wa kawaida ukikosea kupuliza fulana ya kuelea unatua mchangani, mnacheka, mnaendelea. Ukutani unashuka tu. Maji ni maangavu, ukitazama juu unaliona jua, unadhani uko palepale, kumbe kompyuta ya kuzamia uliyoivaa mkononi inasoma mita 38. Na kuanzia karibu mita 30 naitrojeni nayo inalevya, unakuwa jasiri bila sababu. Akili ya kupanga inabidi uwe umeitumia ukiwa bado botini.

Siku yenyewe tulikuwa wageni 11 na kiongozi mmoja, ambaye ndiye muuzaji mwenyewe. Nikamwuliza kina chetu cha mwisho ni kipi, tunageuka tukibakiwa na baa ngapi, mkondo unakwenda upande gani, boti itatuokota wapi. Akasema, "Nifuate mimi tu." Nikauliza tukikutana na mkondo unaovuta chini? Ukutani hilo si jambo la ajabu, unaweza kuona mapovu yako mwenyewe yanashuka badala ya kupanda. Akacheka na kuwaambia wenzangu kwamba dada huyu amesoma sana.

Nikageukia vifaa. Mtungi ulikuwa umepakwa rangi mpya ya manjano, nzito, hadi mabegani. Pale ndipo hugongwa mwezi na mwaka wa kupimwa kwa shinikizo. Nikakwangua kwa ukucha: miaka 9 iliyopita. Marekani, kwa mfano, kipimo hicho hurudiwa kila baada ya miaka 5. Nikafunga regyuleta, kile kifaa cha kuvutia hewa mdomoni, na geji inayoonyesha hewa iliyobaki ikasoma baa 190, vizuri. Nikaweka mdomoni nikavuta pumzi huku nikiiangalia. Mshale ukaanguka hadi 120, ukarudi. Nikavuta tena, ukaanguka tena. Geji ya mtungi uliofunguliwa sawasawa haichezi hivyo; valvu ilikuwa imefunguliwa kidogo tu. Juu ya maji inatosha kukudanganya. Kwenye mita 30 unavuta, haiji.

Na hewa yenyewe ilikuwa na ladha ya mafuta. Hewa ya mtungi haipaswi kuwa na ladha wala harufu yoyote. Nilipotazama nyuma ya boti nikaiona kompresa, mashine ya kujazia mitungi hewa, mdomo wake wa kuvutia hewa uko hatua moja kutoka kwenye moshi wa injini. Moshi ule una kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu kabisa, na makali yake huongezeka kadiri unavyoshuka. Nikauliza mtungi wa oksijeni wa dharura uko wapi. Akanionyesha sanduku la huduma ya kwanza. Lilikuwa na plasta.

Sikushuka. Wawili walibaki nami, wengine wakaenda, na namshukuru Mungu wote walirudi, ingawa mmoja aliibuka mbali sana na boti, hana boya la kuashiria, tukamsaka kwa macho kama robo saa. Kianzio nilikidai pale pale. Akasema mgeni akijitoa mwenyewe harudishiwi. Jioni namba yangu ikawa imezuiwa.

Ndipo nikazikagua picha, kazi ambayo ningeifanya mapema ningekuwa na akili. Albamu moja, "ukuta wetu" mmoja, na ndani yake kuna samaki aitwaye klaunifishi akijificha kwenye anemoni, picha ya pili kuna samaki mwingine, kwini enjelifishi, na lile doa lake la paji la uso kama taji. Klaunifishi yuko Bahari ya Hindi na Pasifiki. Yule mwingine ni wa upande wa magharibi wa Atlantiki. Hao hawajawahi kuwa majirani. Nikazitafuta picha kwa kutumia picha zenyewe na zote zikatokea kwingine, za watu wengine.

Kwa hiyo kabla hujatuma hata senti, mwombe akuandikie mpango: kina, muda, baa za kugeukia, kiongozi mmoja kwa wageni wangapi, kasi ya kupanda isizidi mita 9 kwa dakika, na kituo cha dakika 3 kwenye mita 5. Omba namba yake ya ualimu uihakiki mwenyewe kwa taasisi iliyoitoa. PADI wana ukurasa wa kazi hiyo. Muuzaji wa kweli atakuomba wewe kadi na daftari lako la kuzamia kabla hujamwomba chochote, na atakuuliza ndege yako ni lini, kwa sababu ile naitrojeni huchukua muda kutoka mwilini, na baada ya kuzamia mara kadhaa inashauriwa usubiri angalau saa 18 ndipo upande ndege. Huyu wangu hakuuliza, na watatu kati yetu walikuwa wanaruka alfajiri iliyofuata.

Juzi akaunti mpya ikaniandikia, bila kujua ni mimi: "Dada, ushawahi kuzamia ukutani?" Nikamjibu kwamba napenda sana, anitumie mpango wa maandishi. Ameusoma ujumbe. Hajajibu mpaka sasa.