Rifleta ya kukunja ya sentimita 110: makaburi ya Kilwa yanaipa mtihani mgumu

Rifleta za nyuso tano, vifaa vya mpiga picha vya kuakisi mwanga, huuzwa kwa majina mengi, lakini ukizifungua ni kitu kilekile: duara la kitambaa chembamba kinachopitisha mwanga, utepe wa chuma ukingoni, na foronya ya zipu yenye rangi ya fedha, dhahabu, nyeupe na nyeusi. Mtwara na Lindi hazipatikani kirahisi, kwa hiyo wengi huagiza Kariakoo. Kwa harusi haina shida. Kwa kupiga picha maandishi ya mawe ya makaburi kwenye visiwa vya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, nusu yake ni mzigo.

Kwanza lijue jua la huku. Kutoka Kilwa, Makka iko karibu kaskazini kabisa, na maiti wa Kiislamu hulazwa kwa ubavu wa kulia akielekea kibla. Kwa hiyo makaburi yamelala mashariki na magharibi, kichwa kikiwa mashariki. Uso wa jiwe unaotazama mashariki hupigwa na jua la asubuhi moja kwa moja, herufi zikakosa kivuli na maandishi yakafutika. Subiri saa tano na nusu hadi saa sita: jua linakaribia utosini, mwanga unateleza juu ya jiwe, na kila mkato unaonekana. Hapo rifleta huihitaji. Inahitajika kwa uso wa kusini, kwa sababu kuanzia Aprili hadi mwanzoni mwa Septemba jua hupita kaskazini na upande wa kusini unashinda kivulini.

Tumia uso wa fedha. Msaidizi asimame juani, mita moja na nusu hadi mbili kutoka kwenye jiwe, pembeni kabisa, mwanga uguse jiwe kwa nyuzi 10 hadi 20 tu. Akisimama nyuma ya kamera, unarudi kwenye tatizo la asubuhi. Maandishi ya Kiarabu yana la zaidi: mistari mirefu ya mlalo hupotea mwanga ukitoka kushoto au kulia, kwa kuwa unapita sambamba na mkato. Herufi za wima, alifu na lamu, ndizo zinazosimama vizuri. Inua rifleta ipige kutoka kona ya juu, kisha piga picha ya pili kutoka kona ya upande mwingine. Usiilaze chini ukaiegemeza kwenye mfuko, ingawa ndivyo wengi hufanya wakiwa peke yao. Mwanga ukitoka chini, jicho linadanganyika: herufi zilizochimbwa zinaonekana zimetokeza.

Nyeupe ni dhaifu, ikizidi mita moja huoni tofauti. Dhahabu iache mfukoni, inalipaka jiwe la matumbawe na lipu ya chokaa umanjano ambao hauondoki vizuri hata kwenye kompyuta. Uso wenye thamani kuliko unavyotarajia ni mweusi. Ukiushika upande wa pili wa jiwe unazuia mwanga wa anga usijaze vivuli, na mikato hafifu inajitokeza.

Sasa kasoro. Kusi ikikaza, duara la sentimita 110 linakuwa tanga, na msaidizi mmoja halimudu. Mwanga ukitikisika, picha ya sehemu ya 60 ya sekunde bado inatoka, lakini hakuna picha mbili zenye kivuli kimoja. Maji ya chumvi ya safari ya boti huingia kwenye mshono, utepe wa chuma unashika kutu, na kutu inachora mstari wa kahawia kwenye kitambaa cheupe. Zipu hufa mapema kuliko vyote. Ukiikunja kwa nguvu badala ya kuizungusha iwe umbo la nane, utepe unapinda na duara halitanuki tena sawasawa.

Mpinzani wake ni kioo cha kawaida cha mlangoni, sentimita 30 kwa 120, kilichobandikwa kwenye ubao. Kinarusha jua mita kumi na zaidi, upepo haukihangaishi, na ukanda wake mwembamba wa mwanga ni mkali kuliko fedha yoyote. Lakini ni kizito, kinavunjika, na vipande vya kioo kaburini ni aibu. Kifungie kingo kwa utepe wa karatasi wenye gundi na kisiegemezwe kwenye jiwe.

Chombo chochote utakachochukua kisikufanye upake chaki, unga au povu ili herufi zisomeke. Chembe zinabaki kwenye vitundu vya matumbawe, na siki au ndimu inayeyusha chokaa yenyewe. Maji safi na brashi laini ni kwa mwenye ruhusa tu. Kibali cha Kisiwani kinakatwa Kilwa Masoko kabla ya kupanda boti. Kwenye makaburi ambayo bado yanazikwa watu, kama mitaani Mikindani, wasalimu wazee wa mtaa kwanza.

Ukishika mwenyewe huku kamera ikiwa kwenye stendi, nunua ya sentimita 80, si 110. Ukirudi nchi kavu, isuuze kwa maji baridi, ifungue zipu, ianike kivulini ikiwa imetanuka, na mfuko wake pia.