Nyota nne kwa fundi wa piano aliyeikataa kazi yangu kubwa

Piano ni ya wima, imetengenezwa Uingereza, aliniachia shangazi alipohama Upanga. Imekaa sebuleni zaidi ya miaka 20, dirisha linapokea upepo wa bahari, na juu yake zimepangwa picha za harusi za ukoo mzima. Nilitaka ifufuliwe yote, kwaya iwe inafanyia mazoezi kwangu Jumamosi.

Fundi wa kwanza simtaji. Aliizunguka, akapapasa mbao, akasema milioni mbili na nusu, itang'aa kama mpya. Kifuniko hakukigusa. Nikampa soda, akaenda zake.

Huyu wa pili alitaka 80,000 za kuja kuangalia tu, nami nikaguna. Kijana mdogo, shikamoo yake ya adabu, begi la vyuma begani. Alitoa ubao wa mbele na wa chini, akawasha tochi, akaniita. "Mwalimu, humu nondo na kutu wamekutana." Nondo wametafuna felti, kile kitambaa kinene cha sufu, chini ya funguo. Nyuzi za besi, zile zilizozungushiwa shaba, ukizigonga zinalia du, kama ndoo.

Lakini kilichomtia wasiwasi ni pini. Kila uzi umefungwa kwenye pini iliyokita ndani ya mbao, na mbao ikichoka pini haishiki tena. Alizijaribu moja moja, akizitia alama ya chaki zile zilizozunguka kirahisi. Zikafika 31. Akanieleza kwamba nyuzi ziko 230 hivi, zote pamoja zinavuta zaidi ya tani 15, na piano yangu imeshuka nusu sauti nzima. Kuipandisha mpaka La ya 440, kipimo cha kawaida cha vyombo vya muziki, ni kuzikata nyuzi zenye kutu, na nyuzi za kuagiza zitazidi thamani ya piano yenyewe. "Hela hiyo usinipe," akasema. Mimi fundi wa kuikataa hela sijawahi kumwona, hata wa mabomba.

Tukakubaliana: pini nene kwenye zile 31, felti mpya, usafi, halafu apatanishe sauti zake hukohuko chini ilikojizoesha. Jumla 450,000. Kwa kwaya haina neno, maana sisi tunasoma do-re-mi na do yetu inahama popote. Waimbaji wa sauti ya kwanza wamefurahi hata. Anayenung'unika ni kijana wa kinanda cha umeme, inabidi ashushe chake kwa kitufe kila wakipiga pamoja. Ukiwa na mpiga gitaa au tarumbeta nyumbani, fikiria mara mbili.

Nyota niliyoinyima ni ya ahadi. Alisema Alhamisi, akaja Jumanne ya pili yake, na vumbi la felti nimelifagia mwenyewe. Fa ya juu bado inakwama mvua ikinyesha. Nimempigia. Kasema Alhamisi.