Sakafu ya mbao ya zamani: vanishi ipi ununue, na ipi uiache dukani

Katika nyumba nyingi za zamani za Nairobi, kuanzia Ngara na Parklands hadi Woodley na Kileleshwa, ukifunua zulia la plastiki utakuta sakafu ya mbao ambayo leo ni vigumu kuinunua hata ukiwa na pesa. Ni vipande vyembamba kama vidole vilivyopangwa kwa mtindo wa mkeka, vitano vikielekea huku na vitano kule, vyote vimegandishwa kwenye zege kwa lami. Miaka ya polishi na masizi imevifanya vyeusi, na mwenye nyumba akiviona hivyo humpigia simu fundi wa vigae. Naomba usimpigie bado.

Sisi tulikaribia kufanya kosa hilo katika ghorofa tuliyorithi Kileleshwa. Aliyetuzuia ni fundi mmoja mzee, mzaliwa wa Wamunyu kwa wachongaji. Alipiga msasa sehemu ndogo isiyozidi kiganja nyuma ya mlango, akainama, akachota ule unga kwa vidole na kuunusa. "Mama, njoo unuse," akaniambia. Harufu ilikuwa tamu, kama ya mti wa sandali. Chini ya weusi palikuwa na kahawia ya asali yenye michirizi ya kijani kwa mbali. "Huu ni muhugu. Kwetu tunauchonga twiga na vifaru. Usiufukie, mama."

Muhugu huota polepole sana katika misitu mikavu ya pwani kama Arabuko-Sokoke na katika misitu ya Nairobi yenyewe, na umekatwa mno kwa ajili ya vinyago na sakafu. Ni mzito, mgumu na una mafuta yake ya asili, ndiyo sababu unastahimili nyayo za vizazi viwili. Sakafu yako huenda ikawa ya mninga au mvule badala yake. Hizo nazo ni mbao za kutunzwa. Ila mvule una vumbi linalowasha pua na ngozi, na wakati mwingine huwa na mawe madogo ndani yake yanayokata makali ya mashine, kwa hiyo mweleze fundi mapema.

Kabla ya kununua chochote, dondosha matone machache ya maji sehemu tatu au nne. Maji yakinywewa papo hapo, mbao iko uchi. Yakisimama kama shanga, bado kuna vanishi au nta. Kisha loweka kitambaa cheupe kwa tapentaini usugue. Kitambaa kikitoka na rangi ya kahawia yenye ulaini wa mafuta, hiyo ni nta, na nta ndiyo adui mkubwa wa kazi hii. Halafu tembea chumba kizima ukigonga vipande kwa kifundo cha kidole. Vinavyolia kama debe tupu vimeachia lami na vitarudishwa kwa gundi kwanza. Kama vanishi ya zamani imeshika vizuri na imechujuka tu, huna haja ya kuondoa yote: msasa mwepesi na mkono mmoja mpya wa vanishi, yaani mpako mmoja, vinatosha, na umeokoa fedha nyingi.

Kama ni kazi kamili, elewa kwamba pesa yako nyingi itaenda kwenye msasa, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Kila mara unapokwangua hadi mbao mpya unaondoa takriban milimita 1, na vipande vya mkeka huwa na unene wa karibu milimita 8. Kwa hiyo sakafu hii inaweza kufufuliwa tena siku za wajukuu, mradi fundi asiipige mashine mahali pamoja hadi ichimbike bonde. Anaanza na msasa namba 40, anafuata 60, kisha 80 au 100, anamaliza na 120. Asiruke namba. Mikwaruzo ya 40 ikiachwa haionekani mbao ikiwa kavu, lakini vanishi ikigusa inajitokeza kama kuku wamechakura. Msasa wenyewe ulipata jina kutoka kwa mti ambao majani yake makavu wazee waliyatumia kulainishia mbao, na nadhani wale wazee walijua jambo moja ambalo mafundi wa haraka wamesahau: jani lililochoka hutupwa. Karatasi iliyochakaa haikati, inasugua tu mpaka mbao inafunga vinyweleo na vanishi haishiki. Lami inayochungulia kwenye nyufa nayo huyeyuka kwa joto la mashine na kuziba karatasi upesi. Ukiona fundi anairudisha ile ile mara ya tatu, mnunulie nyingine bila kubishana.

Mafundi wengine hutoza kwa futi ya mraba na wengine kwa mita. Mita 1 ya mraba ni karibu futi 10.8, basi usishangilie bei ya futi kabla ya kuizidisha.

Sasa tuje kwenye kopo. Nimezipanga kwa jinsi ningenunua mimi, kwa sakafu ya mbao nyeusinyeusi au ya kahawia, ndani ya nyumba ya familia.

Ya kwanza: vanishi ya poliyurethani ya mafuta, ya kopo moja, iliyoandikwa kuwa ya sakafu. Ninaitanguliza kwa sababu inasamehe. Hukauka taratibu, hivyo alama za brashi hujitandaza zenyewe na fundi wa kawaida anaweza kuipaka vizuri. Inapatikana katika maduka mengi ya vifaa vya ujenzi na ina ngozi ngumu. Lawama yake kuu ni kwamba huleta umanjano kadiri miaka inavyosonga. Juu ya mbao nyeupe hilo ni tatizo kweli. Juu ya muhugu au mninga ni neema, kwa sababu rangi inazidi kuwa na joto.

Gharama yake nyingine ni muda na harufu. Mikono mitatu, kila mmoja ukisubiri kama siku nzima, na kati ya mkono na mkono unapitisha msasa laini kwa mkono na kufuta vumbi. Juni na Julai, baridi ya Nairobi huongeza kusubiri huko. Huwezi kulala humo ndani wakati huo, na mtoto asilale. Unaweza kutembea na soksi baada ya siku moja, urudishe viti baada ya siku kadhaa, lakini zulia lisubiri mwezi mzima, kwa maana vanishi iliyokauka juu bado inakomaa ndani.

Chagua ile isiyong'aa sana. Inayong'aa kama kioo hupendeza wiki ya kwanza, kisha kila mkwaruzo na kila nywele inaonekana. Kopo la aina isiyong'aa lina unga unaotuama chini, kwa hiyo likoroge taratibu kwa kijiti hadi chini kabisa. Usilitikise, maana mapovu utakayotengeneza yatagandia sakafuni.

Ya pili: poliyurethani ya maji yenye kikoleza chake, yaani dawa ya kuifanya iwe ngumu. Hii huja makopo mawili, la vanishi na dogo la kikoleza, na unachanganya kwa kipimo kilichoandikwa, kwa kikombe chenye alama, si kwa macho. Ukishachanganya una saa chache tu kabla haijaharibika ndani ya ndoo, basi changanya ya mkono mmoja tu. Kwa ugumu inaweza kuishinda ile ya kwanza. Harufu yake ni ndogo, inakauka kwa saa chache, na haibadilishi rangi ya mbao. Kwa nini basi nimeiweka ya pili? Kwa sababu haisamehi. Inakauka haraka kiasi kwamba fundi asiyeizoea huacha mistari pale mkono wa brashi ulipokutana na uliokwisha kukauka. Pia juu ya mbao yenye mafuta kama muhugu inaweza kukataa kushika. Futa mbao kwanza kwa kitambaa chenye thina, upake kipande kidogo pembeni, usubiri siku mbili, ukwaruze kwa ukucha. Isipobanduka, endelea.

Usikubali sufi ya chuma itumike kulainisha kati ya mikono ya vanishi ya maji. Chembe za chuma hubaki kwenye vinyweleo, maji yanazigusa, na baada ya siku chache una madoa meusi kama pilipili manga iliyomwagika, yasiyotoka ila kwa kukwangua upya. Na kikoleza, wakati wa kukichanganya na kukipaka, ni hatari kwa mapafu, hasa ya mwenye pumu. Anayepaka avae barakoa yenye vichujio vya kemikali. Ile ya kitambaa haisaidii hapo.

Kama hamna pa kuhamia kwa siku nne, au sakafu yako ni ya mbao nyeupe, na una fundi aliyekwisha kuitumia, hii ndiyo ya kwanza kwako.

Ya tatu: mafuta ya nta ngumu. Haya hayatengenezi ngozi juu ya mbao, yanaingia ndani yake. Sakafu inabaki na sura ya mbao na unaisikia kwa unyayo. Uzuri wake mkubwa ni marekebisho: mkwaruzo mbele ya kochi unasuguliwa na kupakwa pale pale, wakati zile mbili za juu zinadai chumba kizima kipakwe upya. Ni ghali, mara nyingi huagizwa kutoka nje, na kila baada ya muda yanahitaji mkono mwepesi wa nyongeza. Kwa nyumba ya Mombasa au Malindi, ambako mchanga huingia na viatu kila siku na kukwaruza kila aina ya vanishi, ningeyapandisha hadi nafasi ya pili.

Lakini sikiliza hili, nalisema kwa uzito wote. Vitambaa vilivyolowa mafuta haya, au mafuta ya kitani, vikifinyangwa na kutupwa kwenye pipa hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka moto bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja hadi vikauke vikakamae, au vitumbukize kwenye ndoo ya maji siku hiyo hiyo.

Ya nne: polishi ya nta ya kopo. Naipenda kwa moyo. Jumamosi za utotoni nilisukumana na ndugu zangu juu ya blanketi kuukuu hadi sebule ikang'aa, na ile harufu naijua hadi leo. Ila inateleza, inapata weupe ikimwagikiwa maji, na inadai magoti yako kila wiki chache. Inunue tu kama sakafu tayari ni ya nta na umeamua iendelee hivyo. Ukishaitia nta, vanishi haitashika juu yake kamwe bila kukwangua yote. Kijana mmoja tuliyemwajiri kabla ya yule mzee alipaka vanishi ya bei nzuri juu ya nta katika chumba cha kulala. Mwezi haukuisha, ikaanza kubanduka chini ya miguu ya kiti kama ganda la kitunguu. Tulilipa kazi hiyo mara mbili.

Za kuacha dukani. Vanishi ya fanicha inayochanganywa na thina na kukauka kabla hujamaliza chai, na vanishi ya nje ya milango au mashua. Hiyo ya fanicha ni kavu mno kwa sakafu, inapasuka, na mvuke wake ukijaa chumba kilichofungwa cheche moja ya swichi au jiko la gesi inatosha kuulipua. Hiyo ya nje imetengenezwa iwe laini ili icheze na jua na mvua, kwa hiyo chini ya miguu haikomai. Fundi anayesema "hii imebaki kazi ya jana, tuitumie" ana nia njema, lakini mkatalie.

Ukiwa dukani usilinganishe bei za makopo, linganisha bei ya mita. Lita 1 hufunika karibu mita 8 hadi 12 za mraba kwa mkono mmoja. Sakafu yetu ilikuwa mita 40. Kwa mita 10 kwa lita na mikono mitatu, hiyo ni lita 12. Kopo la bei ndogo linalofunika mita 6 linaweza kukugharimu zaidi kuliko la bei kubwa. Tafuta alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, tazama tarehe, na uhakikishe makopo yote yana namba moja ya toleo, kisha uyachanganye kwenye ndoo moja ili rangi isitofautiane katikati ya sebule. Kopo likifunguliwa likiwa na ngozi nene juu, lirudishe.

Panga kazi Januari na Februari, au Agosti na Septemba. Wakati wa masika mbao imevimba kwa unyevu, na nyufa utakazoziona zimeziba zitafunguka jua likirudi. Mabomba yanayovuja yatengenezwe kwanza, dari na kuta zipakwe rangi, sakafu iwe ya mwisho.

Mwambie fundi akuwekee unga wa msasa wa 120, ule laini kama unga wa ngano. Ukichanganywa na vanishi kidogo au gundi ya mbao unajaza nyufa kwa rangi ile ile ya sakafu, bora kuliko kijazio chochote cha kununua. Wetu tuliubakiza kwenye chupa ya kahawa, na nikiifungua bado unanukia. Lile blanketi kuukuu la polishi nalo tulilikata vipande vya mviringo, tukavigandisha chini ya miguu ya viti vyote na ya meza.