Fundi wa kujalidi vitabu, Kariakoo: nyota nne, na Biblia ya mdogo wangu

Nianze na bei maana najua wengi mmefungua hapa kutafuta hiyo. Kujalidi upya Biblia nzima, yaani kufumua, kukausha, kushona upya, kuweka mgongo mpya, jalada gumu la ngozi bandia nyeusi na utepe mmoja: shilingi 25,000. Nilitanguliza 10,000, nyingine nikamalizia siku ya kuchukua. Risiti hakuna. Kuna daftari la mistari ambamo mzee anaandika jina lako, aina ya kitabu na ugonjwa wake. Langu aliandika "Biblia, mvua".

Ni kweli ilikuwa mvua. Kulikuwa na vingine pia, lakini kwenye daftari alitia mvua peke yake, nami nikashukuru.

Biblia ni ya mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Alikuwa bodaboda, kijiwe chake Tabata, na Biblia alitembea nayo kwenye begi la mgongoni pamoja na koti la mvua na chaja. Usiku mmoja wa Novemba, wakati wa vuli, abiria wawili walimpandia mshikaki wakitaka awapeleke upande wa Pugu. Asubuhi wapita njia wakamkuta. Pikipiki mpaka leo haijaonekana. Begi lilikuwa mtaroni, limenyeshewa usiku kucha.

Likakaa polisi karibu miezi mitano kama kielelezo. Siku niliyoitwa kuchukua vitu ambavyo havikuhitajika, nilitia sahihi nikakabidhiwa koti, chaja na kitu kilichovimba kama andazi lililosahauliwa kwenye chai. Mama alitaka kizikwe. Baba mdogo akaniambia ninunue nyingine, Biblia ni neno siyo karatasi, na hapo alisema kweli. Ya kawaida ya Union Version unaipata kwa bei ndogo kuliko niliyolipa. Lakini nyingine haina maandishi yake ya penseli pembeni.

Nilianza kwa kuzunguka kwenye stationari. Ya kwanza walisema hawawezi. Ya pili kijana aliipima kwa macho akaniuliza, "Dada, tukutobolee tukupigie springi?" Biblia ya springi, jamani, kama ripoti ya fildi! Ya tatu ndiyo walionielekeza kwa mzee.

Ukija kwa mwendokasi shukia Msimbazi Polisi, ingia ndani uulizie Mtaa wa Sikukuu, kisha ulizia mzee wa Misahafu. Usiulize "baindi", watakurudisha kwenye springi. Ana kibaraza kati ya duka la mapazia na muuza mabegi: meza moja, presi ya mbao yenye boliti mbili nene, kopo la sindano. Rafu ya juu ina Misahafu imefunikwa kitambaa safi cheupe. Rafu ya chini ni mchanganyiko, vitabu vya hesabu vya wenye maduka, majalada ya wakili fulani, atlasi ya shule isiyo na Afrika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Pole."

Pole ilitoka kabla sijasema neno. Nadhani hakuna anayempelekea kitabu cha hali ile akitoka harusini.

Akakigeuza bila kukifungua, akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. "Msahafu mimi siushiki bila udhu. Hiki chenu, kina utaratibu gani?" Nina miaka arobaini na mmoja, nimebatizwa mtoto mchanga, nimepata kipaimara, naimba sauti ya pili kwenye kwaya, na sikuwa na jibu. Kwetu Biblia tunaiwekea hata kikombe cha chai juu. Nikamwambia, "Nawa mikono tu, mzee." Akaenda kwenye ndoo, akanawa kwa sabuni, akajifuta, ndipo akafungua.

Sasa kazi yenyewe. Mimi ni fundi cherehani, mshono sidanganywi. Alikata uzi wa zamani uliokuwa umeoza, akatenganisha mikunjo, akaiweka kurasa kwa kurasa katikati ya magazeti na kuibana kwenye presi, magazeti akiyabadilisha kila siku mpaka yakatoka makavu. Halijui hilo kijana wa springi. Uzi anaupitisha kwenye nta ya nyuki kabla ya kushona. Nilimuomba niujaribu, nikauvuta kwa meno, haukukatika. Kwenye mgongo anabandika chachi, ile ya hospitali, ndipo jalada linafuata. Gundi anapika mwenyewe kwa unga wa ngano, anatia mrututu kidogo ili mende wasile. Kurasa zilizochanika anazitibu kwa karatasi laini zinazotoka kwenye maboksi ya viatu. Hapo Kariakoo hazinunuliwi, zinaokotwa. Akishabandika, maandishi unayasoma kupitia juu yake kama unavyoona mtu nyuma ya pazia la neti.

Aliniambia Jumatano. Jumatano nikafunga kibanda changu mapema nikaenda, haikuwa tayari. Jumamosi, haikuwa tayari. Simu hapokei, kwa sababu simu si yake, ni ya muuza mabegi. Kwa hili nilikuwa nimeshapanga kumnyima nyota mbili.

Ila Jumamosi ile nilimkuta ameshika ukurasa wa mwanzo mwanzo, uliokuwa umechanika kuliko yote, na kabla sijaanza kulalamika akaniuliza, "Kumbe habari ya Habili na nyie mnayo?" Nikamwambia tunayo, sura ya nne ya Mwanzo. Akanionyesha kwa kidevu nyaya za umeme juu yetu, zimejaa kunguru kama kawaida ya Dar, akasema kwao kunguru ndiye aliyemfundisha muuaji kuzika. Yule ndugu alikuwa na maiti na hajui aifanyeje, Mungu akamleta kunguru akafukua ardhi mbele yake. Mzee alisema kunguru wa hapa wanamwibia mkate kila asubuhi lakini kwa ajili ya kazi ile moja anawavumilia.

Nikamwambia kwetu kunguru hayupo. Kwetu Mungu anakuja mwenyewe na swali, yuko wapi ndugu yako? Kaini anajifanya hajui, kwani yeye ni mlinzi wake? Mungu anamwambia damu ya ndugu yako inanililia kutoka ardhini.

Nilipokuwa naisema, nikasikia ninachokisema.

Hadithi hii nimeisoma tangu Shule ya Jumapili, na siku zote tulifundishwa kama onyo la wivu, watoto msiwe kama Kaini. Sikuwahi kusimama upande wa Habili. Msibani kwetu waliokuja wote walikuwa na maneno yaleyale, Bwana ametoa na Bwana ametwaa, kazi ya Mungu haina makosa. Walikuwa na nia njema, walileta unga na sukari, walilala kwenye mikeka siku nne, siwasahau. Lakini kila nilipoambiwa kazi ya Mungu haina makosa nilikuwa namwona Mungu amepanda mshikaki pamoja na wale wawili. Tangu Novemba nilikuwa nakwenda ibadani kama mtu anayekwenda kulipa bili, naimba sauti ya pili, narudi.

Na hapo, kwenye kibaraza cha mzee wa Kiislamu, nikiwa nimekuja na hasira ya kucheleweshewa kazi, ukurasa wenye karatasi ya boksi la viatu unanionyesha kuwa mtu wa kwanza kuuawa kwenye Biblia, Mungu hakusema ni kazi yake. Aliuliza yuko wapi. Aliuliza akiwa upande wa aliyelala chini. Kama kilio cha damu ya Habili kilifika, basi usiku ule Pugu haukupita kimya, hata kama sisi tulikuwa tumelala Tabata na shahidi hakupatikana. Sijui niwaelezeje zaidi ya hapo. Nilikaa kwenye kigoda chake nusu saa, mzee akaendelea kushona, hakuniuliza kitu. Aliagiza kahawa mbili na kashata, akazilipia yeye.

Nilikabidhiwa Biblia Jumanne iliyofuata. Imesimama vizuri, inafunguka na kulala yenyewe pale unapoiacha, mgongo haulii. Rangi ya jalada ni nyeusi ya kweli. Kurasa bado zina mawimbi kidogo, na doa moja la kahawia kuanzia Kutoka halikutoka. Mzee alisema angeweza kulififisha kwa dawa, nikamkataza.

Nyota niliyomnyima ni ya hili lifuatalo, na ndiyo sababu nimeandika maelezo marefu hivi. Baada ya kushona, aliiweka kwenye presi akapiga kisu pembeni ili kingo ziwe sawa. Mafundi wengi wa vitabu hufanya hivyo, ni unadhifu. Kisu kilikula kama milimita tatu. Kwenye Zaburi ya 13, ile ambayo neno "hata lini" limo mara nne, mdogo wangu alikuwa ameandika kwa penseli pembeni. Pikipiki ilikuwa ya mkataba. Kila jioni alipeleka hesabu kwa tajiri, na akimaliza inakuwa yake. Sasa mbele ya "hata lini" aliandika "imebaki miezi 4". Ndivyo alivyokuwa, hata akisali anapiga hesabu. Leo maneno yapo, namba haipo. Imeandikwa "imebaki miezi", halafu kingo nzuri iliyonyooka.

Nilimwonyesha mzee. Akavaa miwani, akasoma, akavua miwani. "Nisamehe mwanangu. Kisu hakijui kusoma." Akataka kunirudishia elfu tano, nikakataa, tukabishana, muuza mabegi akaingilia, mwisho akanipa bure utepe wa pili, mwekundu. Nimeuweka hapohapo kwenye 13. Kwa hiyo ukipeleka kitabu chenye maandishi ya mtu pembeni, mwambie mapema, tena mwandikishe kwenye daftari: asipige kisu. Yeye hakatai, ila kama hukusema hajui.

Jambo jingine, zipu haweki. Anasema zipu inatafuna kurasa, na mimi mwenye kuzibadilisha kila siku kwenye sketi za watu namuunga mkono. Gamba la kuivalisha nililishona mwenyewe kwa kitenge.

Alhamisi ile jumuiya ilikuwa nyumbani kwetu. Nikaomba tusome Zaburi ya 13 kutoka kwenye Biblia hiyo. Mzee wa jumuiya alikuwa na haraka ya kufika mstari wa tano na wa sita, ambako mambo yanakaa sawa na mtu anaanza kuimba. Nikamwomba kwa heshima, baba, leo tuishie wa nne. Kukawa na kimya, mmoja akakohoa. Kisha mama, aliyekuwa hajafungua mdomo kwenye sala tangu arobaini, akasema "hata lini" kwa sauti yake mwenyewe, akarudia. Hatukumfariji. Tulimwacha aseme. Tulipomaliza alikula ubwabwa, sahani nzima, na walioishi naye miezi hiyo wanajua hiyo ni habari gani. Mstari wa sita nimekuja kuusoma mwenyewe juzi, kwa sauti, mguu ukiwa kwenye pedali ya cherehani. Kesi bado inapigwa tarehe.

Mengineyo kwa haraka. Ijumaa mzee anafunga kabla ya adhuhuri na harudi. Siku ya mvua kibaraza kinavuja, kazi zote anaziingiza kwa muuza mapazia, usihangaike kwenda. Pesa ya simu anapokea kupitia muuza mabegi, lakini hakikisha mzee mwenyewe ameandika kwenye daftari. Madaftari ya hesabu anajalidi kuanzia 6,000. Watoto wa shule wenye atlasi anawapunguzia.

Wiki hii nimempelekea kitabu cha nyimbo cha mama, mgongo umeachia kabisa. Nimemwandikisha "asipige kisu". Amesema Jumatano. Nitakwenda Jumamosi.